Mashine Mpya ya Boti: Kuizoesha Saa Kumi za Kwanza na Kuitunza Baada ya Hapo

Kila anayefungua kasha la mashine mpya huja na maswali yaleyale. Nichanganye oili kiasi gani? Naweza kuikimbiza lini? Mbona inafuka moshi na ni mpya? Haya maji yanayochuruzika ubavuni ni kawaida, au imetoboka? Nimeyajibu mara nyingi mno, basi nayaweka yote hapa, uyasome kabla hujavuta kamba hata mara moja.

Watu huharibu mashine mpya kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza huifunga na kuikaza moto (kuipa mafuta mpaka mwisho) siku hiyohiyo ili aone inakwendaje. Wa pili, anayejiona mwenye busara, huiacha ingurume kwenye pipa la maji tangu asubuhi hadi jioni "ilainike." Mimi nilikuwa huyo wa pili. Mashine yangu ya kwanza niliingurumisha pipani siku mbili nzima, nikijisifu kwa subira, nikaishia na plagi nyeusi tii zilizolowa oili na mashine inayokohoa kila nikiongeza moto.

Sababu ni hii. Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo myembamba iliyotiwa makusudi kiwandani, na ringi za pistoni hujisugua humo mpaka zishikane vizuri na ukuta. Kinachozisukuma zishikane ni mgandamizo wa mlipuko ndani ya silinda. Mashine isiyo na mzigo haina mgandamizo wa kutosha, kwa hiyo ringi hazikai. Mashine iliyobanwa moto wote mapema hupata joto jingi kabla vyuma havijazoeana. Kwa hiyo kuzoesha mashine ni kuifanyisha kazi, tena kazi ya kupanda na kushuka. Nadharia inaishia hapo.

Na nikisema saa 10, nina maana ya saa 10 za mashine kufanya kazi, si saa kumi ya jioni. Kuna mtu aliwahi kuniuliza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu cha mashine yako. Namba nitakazotoa hutumika kwa mashine nyingi, lakini kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.
- Petroli mpya. Iliyokaa miezi kwenye dumu imeshachuja, na mara nyingi ina maji chini.
- Oili yenyewe. Kwa mashine ya mipigo miwili, ile inayochanganywa oili na petroli, tafuta alama TC-W3 kwenye chupa. Kwa ya mipigo minne tafuta FC-W, na uzito unaotajwa na kitabu, aghalabu 10W-30 au 10W-40.
- Oili ya gia ya mashine za boti, na pampu au tyubu yake.
- Chombo cha kupimia chenye alama za mililita. Kifuniko cha chupa si kipimo.
- Plagi za akiba, spana ya plagi, na kama propela yako hushikwa na pini ya kukatika, pini mbili tatu za ziada.
- Grisi isiyooshwa na maji.
- Kamba ya kuzimia, ile nyekundu ya kufunga mkononi au kiunoni.
- Daftari na penseli. Wino hufutika ukilowa.
- Jaketi okozi, kasia, na mwenzako wa kwenda naye. Mashine mpya nayo huzimika.

Usidanganyike na oili ya pikipiki ya mipigo miwili kwa kuwa ni rahisi kuipata. Pikipiki ile hupozwa na upepo na huwaka moto zaidi, na oili yake imetengenezwa kwa hali hiyo. Kwenye mashine inayopozwa na maji huacha majivu kwenye plagi na ringi.

Hatua kwa hatua

1. Ifunge kwa kimo chake. Ning'iniza mashine katikati ya ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, kisha chungulia kwa ubavuni. Kuna bamba pana la kulala juu kidogo ya propela. Bamba hilo liwe sawa na chini ya boti, au lishuke chini yake kwa sentimita 2 hadi 2.5. Likiwa juu zaidi, propela itavuta hewa na mashine itapiga kelele bila kusukuma. Likizama mno, boti itakuwa nzito na maji yatarukia mashine. Ndiyo maana zipo mashine za mguu mfupi kwa ubao wa kimo cha karibu sentimita 38, na za mguu mrefu kwa karibu sentimita 51. Pima ubao wako kabla ya kununua.

Kaza skurubu za kubania kwa mkono, kisha zikaze tena baada ya nusu saa ya kwanza majini, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Funga mashine kwa mnyororo au kamba ya chuma kwenye boti. Kama ni kubwa na ina matundu ya bolti, piga bolti.

2. Kagua oili kabla ya kingine chochote. Mashine nyingi za mipigo minne hutoka kiwandani bila tone la oili ndani ya injini. Muuzaji anaweza kusema ametia, anaweza pia kuwa amesahau. Simamisha mashine wima, vuta kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kivute tena. Mashine ikiwa imelala hata kidogo, kipimo kinadanganya. Legeza pia bolti ya juu ya kasha la gia, uone kama oili imefika hapo.

3. Changanya mafuta, kama mashine ni ya mipigo miwili. Wengi hukosea hapa, kwa hiyo soma taratibu. Mashine nyingi za kuchanganya kwa mkono hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli wakati wa kuzoeshwa, kisha 1 kwa 50 baada ya hapo. Kwa vitendo:

Lita 20 za petroli kwa 25: oili mililita 800.
Lita 20 za petroli kwa 50: oili mililita 400.

Tangi likiwa na ujazo mwingine, gawa mililita za petroli kwa 25 au kwa 50. Lita 10 ni mililita 10,000, kwa hiyo kwa 25 unapata 400. Tia petroli kidogo kwanza, halafu oili yote, funika, tikisa, ndipo umalizie petroli. Ukianza na oili kwenye tangi tupu hukaa chini kama asali, na mashine huanza kwa kunywa oili tupu.

Usiongeze oili "kwa usalama." Oili ikizidi plagi huchafuka na masizi hujaa. Ikipungua pistoni hukwama. Pima tu.

Kama mashine yako ina tangi lake la oili na hujichanganyia yenyewe, vitabu vingi hutaka uchanganye pia kwenye petroli kwa 1 kwa 50 wakati wa kuzoesha. Weka alama ya kalamu kwenye tangi la oili na uhakikishe kiwango kinashuka. Ndiyo dalili kwamba pampu ya oili inafanya kazi. Usihamie petroli tupu kabla ya kuiona.

Mwenye mashine ya mipigo minne: petroli yako ni petroli tupu. Ukichanganya oili humo hujailinda, umeichafua.

4. Iwashe ikiwa majini. Legeza skurubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Tazama mshale kwenye mpira wa kupampu mafuta, uelekee kwenye mashine, kisha uminye mpaka uwe mgumu. Weka gia huru. Vaa kamba ya kuzimia. Vuta choki kama mashine ni baridi, vuta kamba mpaka uhisi uzito, halafu vuta kwa nguvu moja. Ikishika, rudisha choki polepole.

Usiiwashe kavu. Hata "sekunde mbili tu, nisikie mlio." Pampu ya maji ina impela ya mpira, kigurudumu cha kusukuma maji, inayolainishwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu huungua.

5. Tafuta mkojo wa mashine. Mimi huuita hivyo. Ni uzi wa maji unaotoka kwenye tundu dogo nyuma au ubavuni, na ndio jibu la lile swali la kutoboka. Maji hayo yanakuambia kwamba pampu inavuta na mashine inapoa. Yanatakiwa yatoke muda mfupi baada ya kuwaka, yawe na msukumo, na ukiyagusa yawe ya uvuguvugu. Yasipotoka, zima. Jizoeze kuyatupia jicho kila baada ya dakika chache maisha yote ya mashine.

6. Dakika 10 za kwanza. Acha ingurume kwa sailensa, mlio wa chini kabisa. Moshi utatoka, na utatoka mwingi: ni oili ya kuhifadhia iliyotiwa kiwandani inayoungua, na kwa mipigo miwili ongeza mchanganyiko wako mzito. Kagua mipira ya mafuta kama inavuja. Jaribu gia ya mbele na ya nyuma, kila mara ukishusha moto kwanza. Gia huingizwa kwa mkono wa haraka na wa uhakika. Ukiisukuma kwa kusitasita utasikia meno yakisagana.

7. Mpaka saa 1 itimie. Tia gia na uende, usizidi nusu moto. Kwenye mipigo miwili hiyo ni karibu mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa mipigo minne kaa karibu na 2,000. Badilisha mwendo kila baada ya dakika chache: panda, shuka, panda. Kama boti ni nyepesi na kitabu kinaruhusu, unaweza kuongeza moto kwa ghafla mpaka boti iinuke na kuteleza juu ya maji, halafu upunguze papo hapo. Hilo ni bora kuliko kuiburuza boti ikiwa imeinua omo na tezi imezama, maana hapo ndipo mashine inapokabwa.

Mashine ndogo za mkono hazina saa ya mizunguko. Fanya hivi: mashine ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa moto mpaka mwisho, kisha utie vidoti vya rangi ya kucha kwenye robo, nusu na robo tatu. Vinadumu.

8. Saa ya 2. Panda hadi robo tatu ya moto. Kwa mipigo minne ni karibu mizunguko 3,000, kwa mipigo miwili karibu 4,000. Mipigo miwili unaweza kuikaza moto wote kwa dakika 1, kisha uipe dakika 10 za robo tatu au chini yake. Bado badilisha mwendo. Kosa la saa hii ni kufunga mkono wa moto mahali pamoja na kuanza kupiga soga.

9. Saa ya 3 hadi ya 10. Fanya kazi zako za kawaida, ila usikaze moto wote kwa zaidi ya dakika 5 mfululizo, na kila ukikaza, ipe nafasi ya kupoa kwa mwendo wa wastani. Usipakie boti mpaka ukingoni wala usivute chombo kingine. Andika kwenye daftari saa ulizotumia kila safari. Watu wengi hukisia, na wakikisia huwa saa 10 zimetimia baada ya 6.

Kabla ya kutia mafuta ya kawaida ya 1 kwa 50, maliza yale mazito au ongezea petroli kwa hesabu, si kwa macho.

10. Isuuze kila urudipo. Kama unatumia maji ya chumvi, hili halina mjadala. Chumvi ikikaukia ndani ya njia za maji hujenga ukoko, njia huziba, na mashine huchemka ukiwa mbali. Tia mguu wa mashine kwenye pipa la maji matamu, maji yafunike bamba la kulala na matundu ya kuvutia maji, vua propela, acha ingurume kwa sailensa dakika 10 hivi, gia ikiwa huru. Kama mashine ina tundu la kuunganisha mpira wa bomba, angalia kitabu: nyingi za aina hiyo husuuzwa zikiwa zimezimwa, kwa sababu maji ya tundu lile hayafiki vizuri kwenye impela.

Mashine ndogo yenye kabureta ikiwa haitatumika kwa siku kadhaa, chomoa mpira wa mafuta ikiwa inanguruma pipani, ijizimie yenyewe. Petroli iliyolala kwenye kabureta hugeuka gundi. Kisha iache wima mpaka maji yote yachuruzike.

Ukiibeba, propela isiwe juu kuliko kichwa cha mashine, maana maji yaliyobaki mguuni yatarudi kwenye silinda. Ya mipigo minne hulazwa upande mmoja tu, na aghalabu umeonyeshwa kwa alama kwenye kava.

Baada ya kuzoeshwa

Huduma ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu mashine bado inang'aa. Vitabu vingi huiweka kwenye saa 10 au saa 20. Badilisha oili ya injini na chujio lake kwa mipigo minne, na oili ya gia kwa zote. Oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma la vyuma vilivyokuwa vikizoeana. Unga laini kwenye bolti yenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida.

Oili ya gia hutiwa kutoka chini. Fungua bolti ya chini na ya juu, mwaga, kisha pampu kupitia tundu la chini mpaka oili itokeze juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka. Anayemimina kutoka juu hufungia hewa ndani. Weka washa mpya kwenye bolti zote mbili; washa ya zamani ni njia ya maji.

Siku hiyohiyo vua propela. Utashangaa kukuta mshipi wa kuvulia samaki umejizungusha kwenye shafti. Nailoni ile hukata sili (mpira wa kuzuia maji), na sili ikikatika maji huingia kwenye gia. Paka grisi, rudisha, weka kotapini mpya. Mimi hufanya hivi kila mwezi, maana mishipi haisubiri ratiba.

Baada ya hapo, saa 100 au mwaka 1, kinachotangulia: oili zote, plagi, chujio la mafuta, grisi kwenye nipeli zote, vile vichuchu vya kutilia grisi. Impela ya maji ibadilishwe kila mwaka mmoja hadi miwili, mapema zaidi kama unapita kwenye mchanga na matope.

Kuna pia vipande vya zinki au alumini vilivyofungwa mguuni. Kazi yake ni kuliwa na maji badala ya mashine. Vikibaki nusu, badilisha, na usivipake rangi kamwe. Vikionekana vizima kama vipya baada ya miezi mingi kwenye chumvi, usifurahi: havigusani vizuri na chuma, na kinacholiwa ni mashine.

Ikisumbua

*Haiwaki kabisa.* Kabla ya kumwita fundi: kamba ya kuzimia imechomekwa? Gia iko huru? Skurubu ya hewa iko wazi? Mpira wa mafuta ni mgumu? Sehemu kubwa ya "mashine mbovu" ninazoitiwa huponea hapa. Plagi ikitoka imelowa, umeivutia mafuta kupita kiasi. Ifute, rudisha choki, subiri kidogo.

*Inawaka, inakwenda dakika chache, inafifia na kuzima.* Kama mpira wa kupampu umenywea, ni skurubu ya hewa. Kama umelegea tu, kuna mahali mpira unavuta hewa, mara nyingi kwenye kiungio cha tangini au cha mashine.

*Mkojo haupo.* Zima, chokoa tundu kwa waya mwembamba laini, halafu tazama matundu ya kuvutia maji chini kama yamefunikwa na mfuko wa plastiki au mwani. Kama kote kuko wazi, ni impela. Usirudi nyumbani kwa mashine, piga kasia. Na usiimwagie maji baridi mashine iliyochemka.

*Inapiga kelele lakini boti haiendi.* Pini imekatika, au mpira wa ndani ya propela umeteleza. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje ya propela, endesha, kisha tazama. Mstari ukivunjika, mpira umekwisha.

*Moto wote, lakini mizunguko haifiki kiwango cha kitabu.* Jaribu hili baada ya saa 10 tu, na mzigo wako wa kawaida. Propela yenye mkunjo mkubwa mno (mkunjo ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huikaba mashine kila siku. Kila inchi moja ya mkunjo unayopunguza huongeza mizunguko takriban 200.

*Oili ya mipigo minne inapanda badala ya kupungua.* Petroli inapenya kwenye oili. Hutokea kwa mashine iliyoendeshwa polepole mno muda mrefu, hasa ikiwa mpya. Badilisha oili, na uipe mzigo.

*Oili ya gia imekuwa kama maziwa.* Maji yameingia. Sili ibadilishwe kabla ya safari nyingine.

*Imeanguka majini.* Itoe, isuuze yote kwa maji matamu, fungua plagi, inamisha matundu ya plagi chini na uvute kamba polepole maji yatoke. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe. Kama ilikuwa inawaka ilipozama, usijaribu hata kuizungusha, maana huenda imemeza maji na kupinda mkono wa pistoni. Chuma kilicholowa chumvi huanza kushika kutu kikigusa hewa, kwa hiyo ukiona fundi hatapatikana ndani ya saa chache, ni afadhali uizamishe kwenye pipa la maji matamu mpaka afike.